Kundi la skeiti limenialika kuzunguka Moshi Jumapili alfajiri. Niko tayari?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Majengo hapa Moshi. Mwanangu aliletewa viatu vya matairi na mjomba wake, vile vya matairi manne kwenye mstari mmoja. Vikawa vikubwa kwake, nikavijaribu mimi kwa utani, na huu ni mwezi wa tano sijavirudisha. Nafanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa saruji jirani na nyumbani. Kuna vijana kama ishirini wanaozunguka mjini kwa viatu hivyo kila Jumapili alfajiri. Wameniona, wamenialika. Natamani sana, ila mume wangu anasema nitavunjika na tena nitachekwa. Nitajuaje kama naweza kuingia barabarani na kundi? Nikienda nifanyeje nisiwe mzigo kwao? Na mvua ikimkuta mtu katikati ya mji na viatu hivyo mguuni, anarudije nyumbani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kusubiri. Kabla sijasema lolote nikuulize: hapo kwenye uwanja wako wa saruji, unasimamaje?

Usinijibu haraka. Nafundisha watu wazima hapa Arusha, na nikiwauliza hivyo wengi hunijibu, "Nasimama tu, kocha." Nikiwaangalia naona wanachokifanya. Wanaacha kusukuma, viatu vinapoa vyenyewe, wanafika ukutani, wanaugusa kwa kiganja. Huko si kusimama, huko ni kuishiwa uwanja. Barabarani hakuna ukuta, na kitakachokaa mahali pake ni mgongo wa kijana aliye mbele yako.

Mgongo wa namna hiyo niliwahi kuushika mimi. Nilikuwa mwanafunzi Paris, mji ambao watu wanaskeiti barabarani kwa mamia, magari yamezuiwa, polisi wengine enzi zile nao walivaa viatu vya matairi. Kule yapo makundi mawili makubwa. La Jumapili mchana, Rollers & Coquillages, linaondokea Bastille kwa mwendo wa pole, na hilo ndilo la kila mtu. La Ijumaa, Pari Roller, limekuwapo tangu miaka ya 1990. Linaondoka saa nne usiku karibu na stesheni ya Montparnasse na kuzunguka kama kilomita 30 kwa saa tatu hivi. Wenyewe wanasema wazi kwamba asiyejua breki asije. Mimi nilikwenda la Jumapili mara mbili, nikajiona nimeiva, Ijumaa iliyofuata nikajitosa kwa wakubwa.

Kwenye mteremko mmoja kundi likabana. Taa ndogo nyekundu za mabegini mwa watu zikaanza kunijia kama zinarudi kinyumenyume. Nikafanya nilichozoea, yaani nikaacha kusukuma nikasubiri. Lakini mteremkoni ukiacha kusukuma mwendo unaongezeka. Nikamshika mama mmoja begi la mgongoni, tukaenda chini pamoja. Yeye alichubuka kiwiko. Mimi nilivunjika, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, mkono wa kushoto wiki sita, na neno aliloniambia siku ile sitaliandika hapa. Lilikuwa halali yangu.

Kwa hiyo tuanze na breki, mengine yatafuata.

Kama nyuma ya kiatu chako kimoja kuna kipande cha mpira, usiking'oe hata vijana wakikucheka. Wao wanaking'oa kwa sababu kinawagonga wakivuka miguu kwenye kona, na wana njia nyingine za kusimama. Wewe peleka mguu wenye mpira mbele, kiatu kimoja mbele ya kingine. Kaa chini kama mtu anayetafuta kigoda ambacho anajua kipo nyuma yake, nyanyua vidole ndani ya kiatu mpaka mpira uguse lami, kisha ongeza uzito taratibu. Wanaoanza wanakanyaga mpira huku kiwiliwili kimeinamia mbele. Unasikia kelele nyembamba ya kukwaruza, na mwendo uko palepale. Makalio yakirudi nyuma na magoti yakikunjika, sauti inageuka, inakuwa nzito kama ya kusaga mahindi, nawe utahisi paja la mguu wa nyuma linachoma. Sauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ya pili ni kufungua miguu kama herufi A: vidole vinatazamana, visigino unavisukuma nje. Hii ni ya mwendo mdogo, pale kundi linaposogea kidogo kidogo kwenye makutano. Ubaya wake inakula upana, ukiifanya ghafla unawapiga mtama majirani wa pande zote mbili. Ya tatu ni kuburuta mguu wa nyuma ukiwa umelala kama kijiti cha juu cha T. Vijana wanaipenda kwa sababu inapendeza, ila inamaliza matairi upande mmoja, na asiyeijua vizuri inamgeuza mgongo mbele. Ya kwanza na ya pili zinakutosha mwaka huu.

Sasa mtihani. Tafuta mtaa wa lami usio na magari, wenye mteremko mdogo, ule ambao huuoni mpaka umwage maji uone yanakoelekea. Chukua chaki uchore mstari, halafu hesabu mita sita, uchore wa pili. Njoo kwa mwendo wa mtu anayekimbia sawasawa, tuseme kilomita 15 kwa saa. Kwa mwendo huo kila sekunde unakula mita nne na zaidi, kwa hiyo sekunde moja tu ya kushangaa imeshakupeleka katikati ya mistari miwili. Ukigusa mstari wa kwanza anza breki, uwe umesimama kabla ya wa pili. Mara kumi, bila kushika kitu, bila kukaa chini. Ukiweza, futa mstari wa kwanza na umfanye mwanao refa: apige kofi wakati wowote anaotaka, wewe usimame. Kisha fanya yote tena huku ukitazama nyuma juu ya bega kabla ya kila breki, kwa sababu kwenye kundi anayesimama bila kutazama nyuma ndiye anayesababisha rundo. Ukipata tisa kati ya kumi, rudi Jumapili inayofuata.

Hicho ndicho kipimo changu. Umri haumo, na miezi mitano inatosha kabisa kwa mtu anayefanya mazoezi kila jioni. Ninaye mwanafunzi wa miaka 52 ambaye namwamini mteremkoni kuliko mpwa wangu wa miaka 19.

Mteremkoni, nimesema, kwa sababu kwenu Moshi jambo hili ni zito. Mji wenu umelala chali, kichwa kiko mlimani. Ukitoka hospitali ya KCMC kuja mjini unashuka, ukitoka mjini kwenda Pasua bado unashuka. Kwa mtu wa viatu vya kawaida hilo ni la kupumzisha miguu tu. Kwa matairi ya milimita 80 juu ya beringi safi, ni injini isiyozimwa. Sisi Arusha tuna mteremko wa Sanawari, na simruhusu mwanafunzi mpya kuishuka hata siku ya mgomo wa daladala. Mitaa inayokwenda mashariki–magharibi huwa inakata ubavu wa mteremko, kwa hiyo ni tambarare kuliko inayokwenda kaskazini–kusini. Kiongozi anayejua kazi yake anachora njia kwa kufuata hiyo ya kwanza, na anaitumia ya pili kwa vipande vifupi tu, mahali ambapo chini yake pana nafasi ya kupunguzia mwendo. Muulize njia yao. Akikujibu "tunaanzia juu tunashuka nayo, raha tupu," mshukuru, rudi kitandani.

Ukikutana na mteremko usiouweza, toka nje ya lami ukanyage nyasi, utembee. Kumbuka kukunja magoti kabla ya kugusa nyasi, maana matairi yanakwama mara moja na mwili unaendelea na safari. Usishike mkono wa mtu. Najua vijana wanakuwa na huruma, watakuambia "mama, nishike." Wawili walioshikana wana breki pungufu ya mmoja.

Hayo ni yako. Sasa lazima nao uwapime, maana wameshakupima wao ndiyo wakakualika.

Jumapili ya kwanza nenda bila viatu vya matairi. Simama karibu na kipilefti cha YMCA au popote njia yao inapokutana na barabara kubwa, ununue chai, uangalie. Usitazame wanavyoteleza, hilo litakupumbaza. Tazama kinachotokea kabla kundi halijafika. Kundi zuri linatanguliza mtu. Utamwona anatoka mbele peke yake, anawahi kwenye makutano, anasimama mahali ambapo dereva anamwona, mkono juu, reflekta kifuani kama za bodaboda, filimbi mdomoni. Anamtazama dereva usoni mpaka dereva asimame kweli, hatoi mkono tu kama anayesalimia. Kundi linapita nyuma yake. Haondoki mpaka mtu wa mwisho apite, na mtu wa mwisho anajulikana, ana reflekta yake, mara nyingi yuko kwenye baiskeli na begi la huduma ya kwanza. Akishapita huyo, mlinzi anamshukuru dereva kwa mkono, anakimbia kuliwahi kundi tena. Makutano yanayofuata yanashikwa na mwingine. Kwa mbali ni kama mnyororo unaojisokota wenyewe.

Makundi ya Paris na London yanaendeshwa hivyo, na ndiyo maana watu mia kadhaa wanaweza kukatiza mji mkubwa Ijumaa usiku. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji watu wanne au watano waliokubali kwamba Jumapili hiyo hawatateleza kwa raha zao.

Baya zaidi ni kundi linalotegemea ujasiri. Wa mbele wanavuka kwa sababu wameona nafasi, wa katikati wanavuka kwa sababu wa mbele wamevuka, na wa mwisho wanavuka kwa sababu wanaogopa kuachwa. Nafasi aliyoiona wa kwanza ilishakwisha zamani. Hapa kwetu nilishuhudia hivyo asubuhi moja: mkia wa kundi ukakatika kwenye makutano, binti mmoja akaongeza mwendo kuwawahi wenzake, bodaboda ikatoka upande wa kushoto. Walikosana kwa upana wa kiganja. Mwenye bodaboda alishuka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, miguu imemwishia nguvu, na yule binti akawa ndiye anayemtuliza. Kwa hiyo kanuni ni moja, na uwaambie hata kama hawakukuuliza: mkia ukikatika, mkia unasimama. Wa mbele ndio wanaongoja. Hakuna mtu anayekimbizana na kundi kwenye makutano.

Kingine cha kutazama ni mikono yao. Ukiona hata mmoja ameshika nyuma ya hiace au fuso ili avutwe, na wenzake wanacheka badala ya kumkemea, jibu umeshalipata. Dereva hamwoni, tuta moja au rasta moja, vile vituta vidogo vya kufuatana, linatosha.

Waulize pia kama wametoa taarifa. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma awape polisi taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Vijana husema "sisi ni michezo tu," na huenda watu watano hakuna atakayewauliza. Watu ishirini kwenye lami ni jambo jingine. Barua moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa trafiki, yenye njia, saa na namba ya simu ya kiongozi, haimgharimu mtu zaidi ya nauli. Na Moshi si wageni wa mambo haya: kila mwaka karibu na mwisho wa Februari mnapokea Kilimanjaro Marathon, matrafiki wenu wanajua kupitisha watu barabarani.

Saa waliyochagua naisifu. Alfajiri ya Jumapili ndiyo barabara tupu tuliyonayo. Mchezo huu wa kuzunguka mji kwa makundi umekuwa ukitafuta barabara tupu tangu zamani. San Francisco, Marekani, mwaka 1989 tetemeko la ardhi liliharibu barabara ya juu ya Embarcadero ikafungwa kwa magari, watu wa skeiti wakaigeuza uwanja wao, na mizunguko ya Ijumaa usiku ya mji ule ilianzia hapo. Sisi hatuhitaji tetemeko, tunahitaji kuamka. Ila pima wakati. Jua la kwetu linatoka karibu na saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya hapo ni giza, na kwenye giza shimo na kivuli ni kitu kimoja. Baada ya saa moja watu wa ibada ya kwanza wako njiani, na barabara kuu ina mabasi ya Dar yanayotoka Arusha, ambayo dereva wake bado anatafuta kufidia dakika alizopoteza stendi. Mna kama nusu saa nzuri. Walio na akili wanaitumia katikati ya mji, wanaiacha barabara kuu.

Sasa umeshawapima, wamefaulu, umo ndani. Usiwe mzigo namna gani?

Kaa katikati, upande wa kushoto, usiende mkiani. Wageni wote wanakimbilia nyuma kwa heshima, na nyuma ndiko kuna kazi kubwa, maana kila kundi linapobana na kuachia, wa nyuma anasimama ghafla kisha anakimbizana. Katikati mwendo ni wa kulingana. Acha nafasi ya watu wawili waliolala kati yako na wa mbele, mara mbili ya hapo mteremkoni. Fupisha hatua: ukiwa peke yako unarusha miguu mpaka mita moja na nusu kwa upana, ndani ya kundi huna upana huo. Sukuma kidogo, mara nyingi. Na ushike mstari wako. Ukitaka kuhama, tazama nyuma, nyoosha mkono, hama polepole. Wanaokupita watakupita salama kama wanajua utakuwa wapi sekunde inayofuata.

Kisha tumia mdomo. Ukiona shimo, piga kelele "shimo!" na uoneshe kwa kidole upande lilipo. Ukilisikia kutoka mbele, lirudishe nyuma vilevile. Nimeona wanawake wa makamo wakiingia kwenye kundi la vijana na ndani ya wiki tatu wakawa ndio sauti ya kundi, kwa sababu hawaoni aibu kupiga kelele. Huo si mzigo hata kidogo.

Lami yenyewe ni somo, na hapa nitakaa kidogo maana vitabu vya Ulaya havikufundishi. Mchanga ni adui namba moja. Mvua ikinyesha mitaro inafurika na kumwaga mchanga barabarani, hasa pale barabara ya vumbi inapoungana na lami. Unakuja mwendo mzuri, matairi yanaingia kwenye utando mwembamba ambao hukuuona, viatu vinasimama, wewe husimami. Dawa yake ni kukaa mkasi: mguu mmoja mbele urefu wa kiatu kizima, magoti yamekunjwa, uzito kwenye mguu wa nyuma, usisukume mpaka mchanga uishe. Mkasi huohuo ndio wa kupitia kwenye rasta. Zitakutikisa meno lakini hutaanguka. Anayeanguka kwenye rasta ni aliyeweka miguu sambamba na kukaza magoti. Matuta makubwa yapande taratibu au yavuke kwa kutembea. Kwenye vituo vya bajaji na daladala kuna oili iliyodondoka, pita mbali. Michirizi myeupe ya zebra ikilowa inateleza kuliko lami. Na ipo lami ya kokoto zilizomwagwa juu na kushindiliwa, ile inayonguruma hata kwenye gari. Hiyo inakula nguvu zako maradufu, usijilaumu ukichoka mapema.

Halafu kuna Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Asubuhi za ukavu mlima unavua mawingu na kukaa wazi wote, na nimeona watu wakianguka bila shimo, bila mchanga, bila kuguswa na mtu. Utauangalia wakati wa mapumziko.

Vifaa sitakuchosha. Helmeti, gadi za magoti, na gadi za vifundo vya mikono. Ukikosa hela anza na helmeti na hizo za mikono. Binadamu akianguka mbele hutanguliza viganja, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mara nyingi kuliko kingine kwenye mchezo huu. Mimi ningekuwa nazo Paris, ningefanya mitihani yangu bila hogo mkononi. Soko la Memorial hapo kwenu zinapatikana za mtumba ukiwa na subira, ila helmeti ya mtumba igeuze uitazame ndani: ikiwa na ufa kwenye ule ugumu mweupe, iache hata wakikupa bure. Beringi zako, kama ni za kawaida, zina namba 608, tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje milimita 22, na wauza spea wa mashine ndogondogo wanazo. Kwa vumbi letu chukua zenye kifuniko cha mpira pande zote. Zikianza kulia, zitoe, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila moja. Usipake grisi nyingi wala mafuta ya kula. Nacheka lakini nimeona. Matairi nayo yanalika upande wa ndani. Kila mwezi badilisha la kwanza na la tatu, la pili na la nne, na kila moja uligeuze upande wake.

Kuhusu mchango, vijana wakikuomba hela ya fulana za kundi, toa kama unayo. Ila waulize kwanza kama reflekta na filimbi zimeshanunuliwa. Kama fulana zimetangulia, una la kusema kwenye kikao.

Na shemeji. Mwambie kocha amesema ana hoja: mtu anaweza kuvunjika, nami nimevunjika. Lakini hofu yake ina kazi ya kufanya. Kama ana baiskeli, huo mkia wa kundi unahitaji mtu mzima asiyependa mashindano, mwenye simu yenye chaji, bandeji, na pampu. Akae nyuma yenu Jumapili nne. Ataona kila kosa lako, atakuwa na la kusema mezani, na mimi nina wanaume wawili hapa Arusha walioanza hivyohivyo kwa kununa, sasa ndio wanaopigia wenzao simu saa kumi na moja. Kuchekwa, ndiyo, utachekwa. Majengo watasema wiki mbili, kisha watapata jingine. Vaa suruali isiyopepea, khanga iwe begini, si kiunoni.

Mvua. Matairi haya ni ya plastiki ngumu, yakikutana na maji breki zako zote zinarudi nusu, hata ile ya kisigino. Kwa hiyo matone yakianza, kundi linatoka barabarani lote, hakuna "tumalizie hapa tu." Chini ya begi lako weka kandambili, mfuko wa nailoni na nauli ya bajaji. Ukifika chini ya baraza ya duka lolote, vua, tumbukiza viatu kwenye mfuko na fundo lake juu, vaa kandambili, panda bajaji kama mtu mwingine. Nyumbani futa matairi, toa beringi siku hiyohiyo hata kama umechoka, maana kutu haingoji Jumatatu. Na usivianike juani, maplastiki yanapasuka. Vikae uvungu wa meza, kamba zimelegezwa, gazeti ndani.

Ukifaulu mara kumi za chaki, niandikie. Na umwambie refa wako asikuonee huruma.